Siri ya Mteja na Usalama wa Mtu wa Tatu: Mnasihi Anaamuaje?

Mwanamume mwenye umri wa miaka 34 ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha ushauri nasaha cha kituo cha afya, katika mji mdogo wa wilayani. Chumba kina meza, viti viwili, sanduku la vipimo na pazia linalofanya kazi ya mlango. Kipimo cha kwanza kimetoa mistari miwili, na cha pili kimekubaliana nacho. Amekaa kimya kitambo, ameuliza kama dawa ni za bure, kisha akasema maneno ambayo mnasihi yeyote wa masuala ya UKIMWI aliyedumu kazini miaka michache ameshayasikia: "Dawa nitaanza leo leo. Ila mke wangu asijue." Mnasihi anamfahamu huyo mke. Juzi tu alikuja kliniki kumpima mtoto uzito, akajifunga upya kanga yake pale kibarazani huku akitaniana na wenzake, mtoto wa miezi mitano akiwa ananyonya.

Mfano huu nimeutunga na haumhusu mtu yeyote, lakini swali lililomo ndani yake ndilo swali gumu kuliko yote katika maadili ya unasihi. Ukiliuliza barazani, watu hugawanyika mara moja. Wako watakaosema kwamba mke aambiwe jioni hiyohiyo, kwa kuwa uhai wa mtu hauwezi kuwekwa rehani kwa ajili ya siri ya mwingine. Wako pia watakaosema kwamba siri ni amana na amana haivunjwi, kwani mnasihi akitoboa siri ya mmoja, mtaa mzima utajua na hakuna atakayekanyaga tena kituoni hapo. Kila upande umeshika jambo la kweli, na kila upande unakosea katika kudhani kwamba njia ni mbili tu, kusema au kunyamaza. Kazi ya maadili katika taaluma hii hufanyika katikati ya hizo mbili, na inahitaji subira ambayo watu wema mara nyingi hawana.

Tuanze na kanuni zenyewe, kwa sababu ndizo lugha ambayo wanasihi huitumia kujadiliana. Mwaka 1979 wanafalsafa wawili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, walipendekeza kwamba maamuzi magumu ya tiba yapimwe kwa kanuni nne: kuheshimu uhuru wa mtu wa kujiamulia, kutomdhuru, kumtendea mema, na haki. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Karen Kitchener alizihamishia kanuni hizo kwenye unasihi na saikolojia, akaongeza ya tano, yaani uaminifu, maana aliona kwamba mnasihi hana kisu wala sindano, na chombo chake pekee ni imani ya yule anayeketi mbele yake. Jumuiya ya wanasihi ya Marekani, ilipoandika upya miiko yake mwaka 2014, iliorodhesha na ya sita, nayo ni ukweli. Kanuni hizi zimeenea sana, na anayesomea unasihi Nairobi au Dar es Salaam atakutana nazo katika muhula wa kwanza.

Kuzikariri ni kazi ya siku moja. Ugumu ni kwamba hazina mkubwa wala mdogo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba uaminifu unautangulia usalama, au kwamba uhuru wa mteja unaishinda haki ya mkewe. Katika chumba chetu cha pazia, uhuru wa mteja na uaminifu vinamtaka mnasihi anyamaze, ilhali kutodhuru na haki vinamwelekeza kwa yule mama wa kibarazani. Kanuni ya ukweli nayo inamzuia asimdanganye hata mmoja kati yao. Mtu anayetarajia kwamba kanuni zitamwamulia hataipata faida yake. Zinachofanya ni kumlazimisha aseme ni kanuni ipi ameiacha, kwa sababu gani, na alifanya nini kupunguza madhara ya kuiacha.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo halisemwi vya kutosha. Neno letu nasaha maana yake ni mawaidha, maneno ya kheri anayopewa mtu na anayemtakia mema. Pwani, bibi harusi ana somo wake au kungwi, na wanandoa wakikorofishana humwendea mshenga au mzee wa ukoo, naye huwasikiliza kisha huwaambia la kufanya. Utaratibu huo una hekima yake na sitaubeza. Lakini mnasihi wa kitaaluma anafundishwa karibu kinyume chake, yaani ajizuie kumwamulia mtu, hata pale mteja mwenyewe anapomsihi, "Niambie tu nifanyeje." Zaidi ya hapo, siri ya kungwi ilikuwa siri ya ukoo. Aliyoambiwa aliweza kuyafikisha kwa mama wa bibi harusi bila kuonekana msaliti, kwa sababu jambo lile lilikuwa lao wote. Siri ya mnasihi ni ya mteja peke yake. Mteja wetu, anapoingia chumbani, huenda anafikiria siri ya namna ya kwanza au ya pili, na asipoulizwa, kila mmoja anaendelea na maana yake kichwani.

Ndiyo sababu makosa mengi ya siri hayatokei siku siri inapovuja. Hutokea katika dakika tano za mwanzo, pale mnasihi anapotaka kumtuliza mteja na kumwambia, "Usiwe na wasiwasi, lolote utakalosema hapa halitoki." Sentensi hiyo ni tamu lakini si ya kweli. Karibu kila taratibu za taaluma hii zinakubali kwamba siri ina mipaka: pale mteja anapokuwa katika hatari ya kujiua, pale mtoto anapodhulumiwa, pale mtu mwingine anayefahamika anapokabiliwa na hatari kubwa, na pale mahakama inapoamuru. Mteja anastahili kuijua mipaka hiyo kabla hajafungua kinywa, kwa maneno ya kawaida na kwa lugha anayoielewa. Hiyo ndiyo maana ya ridhaa, na sahihi kwenye fomu ambayo mteja hakuisoma haitoshi kuitwa hivyo. Ikiwa mnasihi wetu alimweleza yule mwanamume, kabla ya kumtoboa kidole, kwamba majibu ni yake lakini suala la mwenza wake watalizungumza kwa pamoja, basi sasa ana pa kuanzia. Asipokuwa amemweleza, chochote atakachofanya baadaye kitaonekana hila.

Kesi iliyowafundisha wanasihi duniani kufikiria mipaka hii ilitokea California. Prosenjit Poddar, mwanafunzi kutoka India aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alimweleza mwanasaikolojia wake, Lawrence Moore, mwaka 1969 kwamba alikusudia kumuua msichana mmoja. Hakumtaja kwa jina, lakini ilikuwa rahisi kumtambua kuwa ni Tatiana Tarasoff, ambaye wakati huo alikuwa safarini Brazil. Moore hakukaa kimya. Aliwaarifu polisi wa chuo kwa mdomo na kwa barua, akaomba mgonjwa azuiliwe. Polisi walimchukua, wakamwona ana akili timamu, akaahidi kujiweka mbali na msichana, wakamwachia. Mkuu wa Moore aliagiza barua irudishwe, nakala na kumbukumbu ziharibiwe, na hatua zaidi zisichukuliwe. Tatiana aliporejea, hakuna aliyemwambia kitu, wala wazazi wake hawakuambiwa. Tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alimuua.

Wazazi walifungua madai, na Mahakama ya Juu ya California ikatoa uamuzi mara mbili, mwaka 1974 na tena mwaka 1976 baada ya kukubali kuisikiliza upya. Uamuzi wa pili ndio unaotajwa sana. Jaji Mathew Tobriner aliandika kwamba kinga ya siri hukoma pale hatari kwa umma inapoanza. Mtaalamu anayejua, au ambaye kwa kiwango cha taaluma yake alipaswa kujua, kwamba mteja wake ni hatari kubwa kwa mtu mwingine, ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu huyo. Jaji William Clark alipinga, akihofia kwamba watu wenye fikra za ukatili wataacha kutafuta tiba mara tu watakapojua kwamba mtaalamu anaweza kuwasema, na hivyo hatari itaongezeka badala ya kupungua. Hofu yake haikufa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Texas ilikataa kuweka wajibu wa aina hiyo katika jimbo lake, na hadi leo majimbo ya Marekani hayakubaliani juu ya suala hili.

Watu wengi husimulia kesi hii kana kwamba funzo lake ni kuvunja siri. Naona wanaisoma haraka mno. Kwanza, uamuzi wa mwaka 1976 unazungumzia wajibu wa kulinda, na kumwonya mlengwa ni njia mojawapo tu ya kufanya hivyo. Pili, na hili ndilo lililonigusa zaidi, Moore alikuwa ameshaivunja siri. Aliwaambia polisi. Siri ilivunjwa na msichana akafa vilevile, kwa sababu habari ilikwenda kwa watu ambao hawakuwa na namna ya kumkinga, kisha ikafutwa na wakubwa. Kutoboa siri hakumlindi mtu kwa kitendo chenyewe cha kutoboa. Anayetaka kusema lazima kwanza ajiulize anamwambia nani, ili afanye nini, na je, huyo anayeambiwa anaweza kukifanya.

Turudi kituoni. Virusi vya UKIMWI si kisu, na mume aliyepata majibu dakika kumi zilizopita si mtu aliyepanga kuua. Hata hivyo muundo wa swali unafanana: kuna mtu anayefahamika, kuna madhara makubwa yanayoweza kutokea, na kuna habari iliyopatikana kwa siri. Miiko ya jumuiya ya Marekani ya mwaka 2014 inasema kwamba mnasihi anaweza kuwa na sababu ya kumweleza mtu wa tatu anayefahamika ikiwa mtu huyo yuko katika hatari kubwa ya kuambukizwa ugonjwa unaotishia maisha, lakini kabla ya hapo ni lazima apime kama mteja ana nia ya kumweleza mwenyewe. Tuliangalie neno "anaweza". Halisemi lazima, wala halimkatazi, na uzito wote unabaki mikononi mwa aliyepo chumbani.

Sheria za kwetu nazo zina njia zake. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo yawe siri, na hapohapo inamtaka aliyekutwa na virusi amjulishe mwenzi wake bila kuchelewa. Wajibu wa kusema umewekwa kwa mwenye majibu mwenyewe. Kenya ilikwenda mbali zaidi katika sheria yake ya mwaka 2006. Kifungu cha 24 kilimtaka aliyeambukizwa amjulishe yeyote anayekutana naye kimwili, kikamfanya asiyetii kuwa mhalifu, na kikampa daktari ruhusa ya kutoa habari hiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikibatilisha kifungu hicho. Majaji waliona kwamba hakikueleza kukutana kimwili ni kupi, kwamba kilikuwa kipana kiasi kwamba mtu asingeweza kujua amekosa wapi, na kwamba kiligongana na haki ya faragha katika Katiba ya 2010.

Nyuma ya mabishano hayo ya kisheria kuna jambo ambalo kila muuguzi wa kliniki ya wajawazito analijua. Mwanamke hupimwa kwanza, kwa sababu ndiye anayekwenda kliniki. Kwa hiyo ndiye anayejua kwanza, na mara nyingi ndiye anayeambiwa kwamba virusi amevileta yeye nyumbani. Sheria inayomlazimisha kila mwenye majibu aseme mara moja, au mnasihi anayekimbilia kumwambia mwenzi, inaweza kumrudisha mwanamke kwenye kipigo, kwenye talaka, au kwenye barabara ya kwao akiwa na begi na watoto. Ukiugeuza mfano wetu, mteja akawa mke na asiyetakiwa kujua akawa mume mwenye historia ya kupiga, jibu la wale waliosema "aambiwe jioni hiyohiyo" linaanza kutetereka. Kanuni ya haki inadai kwamba tulichoona ni sawa kwa mume tukione hivyo kwa mke pia, isipokuwa tukiweza kueleza tofauti iliyopo. Hapa tofauti ipo na inaelezeka: kiwango cha hatari kinachomsubiri mwenye siri baada ya siri kutoka.

Mnasihi makini, kabla ya kufikia kanuni, hukusanya kwanza habari za hakika, na nyingi kati ya hizo ni za kitabibu. Mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane tena katika kipimo cha damu hawezi kumwambukiza mwenzi kwa njia ya ngono, lakini kufika hapo huchukua miezi. Dawa ya kinga ya dharura humsaidia aliyekutana na hatari ikianzwa ndani ya saa 72. Kondomu zipo kwenye sanduku ukutani. Mtoto wa miezi mitano anayenyonya anabadilisha hesabu yote, kwa sababu mama akiambukizwa wakati wa kunyonyesha, virusi huwa vingi mwilini mwake katika wiki za mwanzo na hatari kwa mtoto huwa kubwa. Mtu wa tatu sasa ni wawili, na mmoja wao hawezi hata kuuliza. Jambo hilo halifuti haki ya baba yake ya kusema kwa wakati wake, bali linaufupisha huo wakati. Mnasihi anayesema "tumpe miezi mitatu ajiandae" hajafanya kosa la falsafa bali la hesabu.

Kisha humsikiliza mteja, na hapa ndipo nasaha ya kizee na unasihi hutengana kabisa. Mzee angesema, "Mwambie mkeo, ndiyo uanaume." Mnasihi huuliza, "Unaogopa nini hasa akijua?" Mwanamume anatazama sakafu. "Kaka zake. Watakuja kumchukua yeye na mtoto." Hajasema kwamba hajali afya ya mkewe. Hajasema kwamba ana mwanamke mwingine, ingawa huenda anaye. Amesema anaogopa mashemeji. Hofu yenye jina inaweza kufanyiwa kazi: nani katika ukoo anamheshimu, mke akiambiwa akiwa peke yake kituoni mbele ya mhudumu itakuwaje, kaka zake wanalazimika kujua au hawalazimiki.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya namna ya kuwasaidia watu kuwajulisha wenzi wao kwa hiari, na njia zake zinafaa kuelezwa kwa sababu ndizo zinazojaza nafasi kati ya kusema na kunyamaza. Mteja anaweza kwenda kusema mwenyewe. Anaweza kusema akiwa pamoja na mnasihi. Anaweza kumruhusu mhudumu amjulishe mwenzi kwa niaba yake. Au anaweza kufunga mapatano: anajipa siku kadhaa za kusema au kumleta mwenzi kituoni, na zikipita bila kufanya hivyo, mhudumu ana ruhusa yake ya kuwasiliana na mwenzi. Uzuri wa njia hii ya mwisho ni kwamba ridhaa inatolewa mapema, wakati mteja yupo kwenye kiti na akili imetulia kidogo, hivyo siku ya kusema ikifika hakuna siri iliyoibwa. Inamwachia uhuru wake, na inauwekea uhuru huo tarehe. Kabla ya njia yoyote kati ya hizi, mwenye majibu huulizwa kama kuna ukatili nyumbani, na ukiwepo mpango hubadilika.

Kuna njia ya mkato ambayo wahudumu wenye huruma huipenda, na sitaipita kimya. Mnasihi humtuma mhudumu wa jamii kwa yule mama amwambie aje Jumatatu, mtoto ana chanjo imepungua, na akifika apimwe "pamoja na wengine". Siri imetunzwa, mke amepimwa, kila mtu ameridhika. Lakini hakuna chanjo iliyopungua. Ikiwa kituo kina utaratibu wa kuwapima akina mama wote wanaonyonyesha, kumpima na yeye ni halali kabisa, kwa sababu anapewa kile wanachopewa wenzake na anaweza kukataa. Uongo uliotungwa kwa ajili yake peke yake ni jambo jingine. Anakubali kipimo bila kujua kwa nini kimemfuata, na siku atakapoungua moyo na kuanza kurudisha picha nyuma, atagundua kwamba mumewe na kituo walikuwa upande mmoja na yeye alikuwa upande wa pili. Wema wenye haraka ndivyo ulivyo. Humtatulia mnasihi shida yake ya leo na kumwachia mteja shida ya kesho.

Na mteja akikataa yote? Hakuna jibu la mkato, ila kuna utaratibu. Mnasihi haamui peke yake. Humwendea msimamizi wake wa kitaaluma au mwenzake mwenye uzoefu na kumweleza kisa bila jina. Husoma sheria ya nchi yake na miiko ya kituo kujua kinachoruhusiwa, maana Kenya baada ya 2015 na Tanzania haziko sawa. Huandika njia zote alizonazo, hata zile asizozipenda, na matokeo ya kila moja kwa mume, kwa mke, kwa mtoto na kwa wateja wengine wa kituo. Kisha hujipima kwa maswali matatu ambayo wakufunzi wa taaluma hii huyatumia sana: je, ningemtendea hivi mteja mwingine yeyote katika hali kama hii; je, ningekuwa radhi uamuzi huu uandikwe gazetini; je, ningemshauri mnasihi mwenzangu afanye vivyo hivyo? Jibu likiwa hapana mara moja tu, hurudi mwanzo. Ikiwa mwishowe sheria inaruhusu na hatari inadai kwamba mke ajulishwe, mteja huambiwa kwanza, usoni, kwamba hilo litafanyika, lini na na nani, na kinachosemwa huwa ni kile tu kinachomlinda mke, si historia nzima ya mwanamume. Binafsi naamini kwamba kufika hapo bila kumwambia mteja kwanza hakutetewi na kanuni yoyote kati ya zile sita, hata kama mke atanusurika.

Si kila mgongano huachiwa busara ya mnasihi. Mwalimu wa malezi wa shule ya sekondari anapoambiwa na binti wa miaka 15 kwamba mjomba anamwingilia usiku, mjadala wa kunyamaza au kusema umeshafungwa na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Binti akisema, "Mwalimu, niahidi hutamwambia mtu," ahadi hiyo haitolewi. Kinachobaki kwenye busara ni namna: kumweleza kwa upole kwa nini haitolewi, nani ataambiwa na nani hataambiwa, atalala wapi leo, na nani atakuwa naye atakapohojiwa. Mwalimu huyo ana tatizo jingine linalomtangulia hata kabla binti hajaongea. Asubuhi yeye ndiye aliyesimama mstarini na fimbo, na mchana anafungua mlango wa chumba cha unasihi. Kuvaa kofia mbili namna hiyo kunakatazwa au kuwekewa masharti makali karibu katika miiko yote, lakini shule nyingi hazina mtu mwingine. Anachoweza kufanya ni kuomba aondolewe kwenye zamu za adhabu, na mkuu wa shule anayekataa ombi hilo ajue kwamba amekifunga chumba cha unasihi hata kama kibao bado kiko mlangoni.

Kofia mbili zinamkuta pia mnasihi wa mji mdogo, ambaye hawezi kuishi kana kwamba yuko jiji kubwa. Mteja wake ni jirani, mke wa fundi wake, au msomaji wa masomo kanisani. Akikutana naye sokoni, kanuni nzuri ni kumwachia mteja aamue kama watasalimiana. Zawadi nazo husumbua. Mama aliyesaidiwa mwaka mzima akifika na kuku wawili miguu imefungwa, kukataa ni tusi, na miiko ya mwaka 2014 yenyewe inakubali kwamba katika baadhi ya tamaduni zawadi ndogo ni heshima na shukrani, hivyo inamtaka mnasihi aangalie thamani yake, nia ya anayetoa, nia yake mwenyewe ya kupokea, na athari kwa uhusiano wa kazi. Kuku aliyeletwa siku ya kuagana si sawa na kuku anayeletwa kabla ya kikao kigumu. Wa kwanza anaweza kuchinjwa na watumishi wote wakala. Wa pili anahitaji mazungumzo.

Tumwache yule mwanamume pale alipo, kwenye kiti cha plastiki. Baada ya dakika 40 amekubali kumleta mkewe Jumatatu, asimwambie nyumbani bali hapa, mhudumu akiwepo, na amekubali kwamba wasipofika, mnasihi atampigia mke simu. Amechukua kondomu na dawa za mwezi mmoja. Kabla ya kumwita anayefuata, mnasihi anafungua jalada, si ile rejesta inayokaa wazi mapokezi, na kuandika: "Ameelezwa mipaka ya siri kabla ya kipimo. Hakuna historia ya ukatili nyumbani kwa maelezo yake. Mwenza ananyonyesha, mtoto miezi 5. Mapatano: kuleta mwenza Jumatatu saa 3 asubuhi, asipofika, ameridhia mwenza ajulishwe kwa simu na kuitwa kituoni. Kisa kimejadiliwa na msimamizi bila jina." Anaweka tarehe na sahihi, anafunga jalada kwenye kabati, ufunguo anautia mfukoni, kisha anasogeza pazia.